Geji iliyosoma 100 Arusha

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Natengeneza bia ya shayiri nyumbani, lita 25 kila ninapopika, kwenye sufuria la chuma kisichoshika kutu la lita 50. Fundi alinitobolea tundu ubavuni akafunga geji ya joto ya mshale. Aliijaribu mbele yangu kwenye maji yanayochemka, akakaza nati ya nyuma kidogo, ikasoma 100 barabara. Sasa anashauri niongeze bomba la kioo la kuonyesha ujazo, pamoja na geji ya presha, niwe na "seti kamili". Je, vina faida? Na mbona bia zangu mbili za mwisho zimetoka nyepesi, kavu mdomoni, wakati kimea nilikiloweka kwenye nyuzi 67 kama inavyotakiwa?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Marahaba. Hukukiloweka kwenye 67. Ulikiloweka kwenye 62 na ushei, na ushahidi umeuandika wewe mwenyewe: geji ilisoma 100 kwenye maji yanayochemka, Arusha.

Maji ya Arusha hayachemki kwenye 100. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 300 maji huchemka mapema kwa nyuzi moja, kwa sababu hewa inayoyakandamiza imepungua. Kwako yanatokota kwenye 95 na kidogo. Mbeya na Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, ni 94. Mia kamili utaipata Dar, Tanga, Mombasa, Unguja. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba geji yako ilitoka dukani ikiwa nzima, ikasema kweli, ikasoma 95, na fundi akaiona mgonjwa akaizungusha nati mpaka ikajifunza kusema uongo. Tangu siku hiyo kila inachokisoma kimezidi kwa karibu nyuzi tano.

Nimefanya kazi ya kusahihisha vipimo kwa miaka mingi na hili ndilo linalonichosha kuliko yote. Mtu anakuletea geji, unamwambia ina kasoro, anakukatalia: "Lakini tuliijaribu kwenye maji ya moto!" Somo la darasani kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100 limewakaa watu kichwani, ila ile sehemu ya pili ya sentensi, ile ya "kwenye usawa wa bahari", ilibaki ubaoni.

Kwa bia, nyuzi tano ni nyingi. Kimea kina vimeng'enya viwili vinavyovunja wanga. Kimoja hufanya kazi vizuri kati ya 60 na 65, nacho hukata wanga kuwa sukari ndogo ambazo hamira huzila zote. Kingine hupenda 68 hadi 72, na huacha sukari kubwa ambazo hamira haiziwezi; hizo ndizo zinazoipa bia uzito mdomoni. Ukiwa kwenye 67 unapata kidogo huku na kidogo kule. Ukishuka hadi 62, yule wa kwanza anatawala peke yake, hamira inafagia kila kitu, na unabaki na bia kavu, nyepesi, labda na kilevi kuzidi ulichokusudia. Usibadilishe kimea wala hamira kabla hujalinyoosha hilo.

Na afadhali wewe, umepoteza ladha tu. Mpimaji huyohuyo wa maji ya moto anamfungia geji mama anayeuza maziwa mtindi. Maziwa hutakiwa yafike 63 yakae hapo dakika 30, au 72 kwa sekunde 15. Geji iliyochezewa kama yako ikisoma 63, maziwa yako kwenye 58. Mama ameona mshale, ameangalia saa, amefunga vikombe kwa moyo mweupe, na vijidudu vilivyotakiwa kufa bado viko hai. Hapo anayelipa ni mtoto wa jirani. Ndiyo maana nikisikia fundi ana "seti kamili" nauliza kwanza kama ana barafu.

Barafu ndiyo hakimu asiyejali unaishi wapi. Iponde, jaza kikombe, ongeza maji kidogo ya kujaza mianya, koroga, tumbukiza ufito wa geji usiguse chini, subiri dakika tatu. Iwe Kigamboni au Njombe, isome sifuri. Kisha tafuta thamometa nzuri ya kuazima, ya maabara au ya kidijitali unayoiamini, uzilinganishe zote mbili kwenye maji ya nyuzi 65 hivi, na hapo ndipo nati izungushwe. Geji za mshale hazikosei sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho wa uso wake, kwa hiyo isahihishe pale unapofanyia kazi.

Hata ikisahihishwa, usiitegemee sana. Kinachohisi joto ni kipande cha metali mbili kilicho ncha ya ufito, na ufito wako, nikikisia kwa zile zinazouzwa mtaani, haufiki hata sentimita 6 ndani ya sufuria. Maana yake inakupa habari za ukutani tu. Mchanganyiko wa kimea ni mzito kama uji. Chini, juu ya moto, unaweza kuwa umeshapita kiwango na katikati bado. Nimewahi kupima tofauti ya nyuzi sita ndani ya sufuria moja kabla ya mwiko kupita. Koroga mpaka chini, halafu pima katikati kwa thamometa ya mkononi yenye ufito mrefu au ya kidijitali yenye waya. Ningekuwa wewe kabla ya lile tundu, ningenunua hiyo na kumwambia fundi aende zake. Ila usitumbukize kamwe thamometa ya kioo yenye zebaki: ikivunjika, zebaki ni sumu, itabidi umwage kila kitu.

Bomba la kioo sina ugomvi nalo mkubwa, ila halina kazi. Togwa, yaani maji matamu yaliyochujwa kwenye kimea, likichemka linaruka ndani ya bomba, husomi kitu. Likitulia, kumbuka kwamba kimiminika cha moto kimetanuka kwa asilimia 4 hivi, hivyo lita 26 unazoziona zikipoa ni 25. Sukari inaganda ndani ya bomba na brashi haiingii. Chukua mwiko mrefu, mimina maji lita moja moja, utie alama kwa kisu. Na kama fundi ameunganisha chochote kwa nipeli ya bomba la mabati, ing'oe leo: togwa la moto lina uchachu, nao unayeyusha zinki.

Sasa hiyo geji ya presha. Sufuria lako lina mfuniko unaokaa tu juu, mvuke unatoka pembeni. Geji hiyo itasoma sifuri leo, kesho na Idd. Fundi akiona haisogei atataka "kurekebisha", na marekebisho ninayoyajua ni mawili: kuweka mawe juu ya mfuniko, au kuufunga kwa vibanio. Fanya hesabu. Mfuniko wa kipenyo cha sentimita 40, presha ya bar moja tu: ni msukumo sawa na uzito wa kilo 1,250 na zaidi. Lile ni sufuria, ukuta wake umetengenezwa kubeba wali. Jiko la presha la dukani linastahimili kwa sababu ni dogo, nene, na lina vali ya usalama inayofunguka yenyewe. Mfuniko ukiruka, maji yaliyokuwa yamepita kiwango chake cha kuchemka yanageuka mvuke papo hapo, na aliyesimama karibu ni wewe, na watoto waliokuja kuangalia. Mzee mmoja alinionyesha paa la jiko lake lililotobolewa na mfuniko wa pipa. Yeye alikuwa ametoka kuchota maji, na hilo tu ndilo lililomwokoa.

Tena bia yenyewe inataka sufuria wazi. Kimea cha shayiri kikichemka hutoa harufu inayofanana na kabichi iliyochemshwa, na inapaswa kuondoka na mvuke. Ukifunika, inarudi ndani.

Pesa uliyotenga kwa seti nunua haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea kuonyesha sukari iliyomo kwenye togwa. Ijaribu kwanza kwenye maji safi ya nyuzi 20, isome 1.000, soma joto lililoandikwa kwenye karatasi yake, maana nyingine hupimwa kwenye 15 na nusu. Usiitumbukize kwenye togwa la moto, itakudanganya kuelekea chini, poza kwanza. Pima siku ya kupika na pima tena hamira ikimaliza kazi, uandike. Bia ijayo ukiloweka kwenye 67 ya kweli, namba ya mwisho itakuwa juu kuliko za hizi mbili.

Geji ya joto iache ilipo, izibe tundu. Ya presha mrudishie fundi.