Muulize Shangazi wa Dukani: Hela ya Bibi, Kiwi ya Viatu na Mnara wa Jenga

Barua za mwezi huu ni nyingi, na nusu yake zinanigombeza. Naanza na za ugomvi ili nibaki na roho nyepesi.

Shikamoo Shangazi. Toleo lililopita uliandika kwamba neno "shule" tumelipata kwa Waingereza. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na hapo umeteleza. – Msomaji, Korogwe

Marahaba mwalimu, nimeteleza kweli, tena chali. Shule ni neno la Wajerumani, *Schule*, na mimi mzaliwa wa Tanga sina hata pa kujificha. Wajerumani walifungua shule ya serikali hapa hapa mjini miaka ya 1890, wakawa wanatoa makarani, walimu na maakida wa kwenda kuwafanyia kazi huko bara.

Ushahidi uko ng'ambo ya maji. Unguja na Pemba wanasema "skuli", kwa sababu kule Mjerumani hakutawala. Tangu 1890 walikuwa chini ya ulinzi wa Mwingereza. Marehemu mume wangu alikuwa Mpemba. Kila asubuhi akiuliza, "Watoto washakwenda skuli?" wanawe wanacheka mpaka chai inawatoka puani. Nimekaa na jibu ndani ya nyumba miaka yote hiyo, halafu nikaandika upuuzi gazetini. Haya, yamekwisha.

Shangazi, mwezi wa jana uligusia hela yenye tundu aliyokuachia bibi yako, ukakatisha stori. Ni hela ya nani? Na kwa nini tuna hela, pesa na fedha wakati mifukoni hamna kitu? – Mkaka wa Mwananyamala

Nilikatisha kwa sababu nafasi iliisha, baba, si kwa maringo. Leo nimeitoa kabatini, iko hapa mezani pembeni ya miwani. Ukubwa wake kama kifungo cha koti, rangi imefifia kama sufuria kuukuu, na katikati ina tundu la mviringo. Juu ya tundu kuna taji. Pembeni imeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani, na mwaka 1910, na kijiherufi J, maana yake ilipigwa chapa Hamburg. Geuza upande wa pili: 10 HELLER. Basi hiyo ndiyo hela yenyewe, ile tunayosema "sina hela" kila tarehe 20. Tundu lilimfaa sana bibi. Alizitunga hela zake kwenye uzi akazifunga kiunoni ndani ya kanga, na akitembea zinalia.

Kabla ya 1904 huku Tanganyika rupia moja ilikuwa pesa 64. Pesa ni neno la Kihindi, *paisa*, lililokuja na wafanyabiashara pamoja na rupia yao, na hata kampuni ya Wajerumani ilipotoa sarafu zake za shaba kuanzia 1890 iliziita pesa vilevile. Hesabu ya 64 iliwachosha Wajerumani, watu wa makumi na mamia. Mwaka 1904 wakaamua rupia moja iwe heller 100. Fedha yenyewe ni Kiarabu, ni madini: ndiyo maana mkimbiaji wetu akishika nafasi ya pili anavaa medali ya fedha, na hakuna anayesema medali ya hela.

Sasa ngoja nikupe kipande ambacho wengi hawakijui. Vita ya Kwanza ilipopamba moto, manowari za Waingereza zikaziba pwani, sarafu kutoka Ujerumani zikawa hazifiki. Wajerumani wakahamishia kazi hiyo Tabora, kwenye karakana ya reli. Mwaka 1916, kwa mashine za kutengenezea treni, wakapiga heller 20 za shaba nyeupe kwa nyekundu, nyingine kwa maganda ya risasi na mizinga. Wakapiga na sarafu ya dhahabu ya rupia 15, dhahabu ya mgodi wa Sekenke kule Iramba, yenye picha ya tembo kainua mkonga na milima nyuma yake. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia Tabora, na kiwanda kikaishia hapo. Serikali iliondoka, rupia ikaondoka, shilingi ya Afrika Mashariki ikaja 1921, lakini hela imegoma kuondoka mdomoni.

Na kama unadhani tumeacha tabia hiyo, panda daladala. Nauli ya Dar ilipokuwa shilingi tano, sarafu ya shilingi tano mtaani iliitwa "dala", kwa kuifananisha na dola, na makonda wakawa wanapiga kelele "dala, dala!" Majirani zetu Kenya nao waliita ya kwao matatu kwa zile sarafu tatu za senti kumi zilizokuwa nauli. Nauli za namna hiyo hazipo tena popote, majina bado yanabeba abiria.

Asalaam aleikum Shangazi. Wajukuu zangu wamerudi likizo kutoka Uingereza na mchezo wa vijiti unaoitwa Jenga. Wanabisha kwamba ni neno la Kizungu. Naomba uwanyooshe. – Babu, Moshi

Waaleikum salaam babu. Wanyooshe mwenyewe, hoja nakupa mimi. Mchezo ule ulibuniwa na Mwingereza anaitwa Leslie Scott, aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1955 na kukulia Afrika na Kiswahili masikioni. Familia yao ilipohamia Ghana wakawa wanacheza na vipande vya mbao vilivyotoka kwenye kiwanda cha kupasulia mbao Takoradi. Alipokwenda kuutangaza kwenye maonyesho ya vichezeo London mwaka 1983, akauita Jenga, kutoka kwenye kitenzi chetu. Vipande ni 54, vinapangwa vitatu vitatu kwa ngazi 18. Wahesabie mezani, wataona.

Mimi kinachonichekesha ni kitu kimoja. Jina linaamrisha "jenga", ila mchezo wenyewe ni kuchomoa tofali chini na kulibandika juu mpaka nyumba imuangukie mtu. Fundi akikujengea hivyo utamshitaki.

Mambo Shangazi! Ni kweli Disney wanamiliki "hakuna matata"? – Msichana wa Eldoret

Poa, mwanangu. Ni kweli nusu. Waliomba alama ya biashara ya maneno hayo Marekani mwaka 1994, mwaka ambao filamu yao ya simba ilitoka, na ikasajiliwa 2003 kwa ajili ya nguo kama fulana. Mwisho wa 2018 watu wakakasirika mtandaoni, wakakusanya saini. Alama ya biashara haikuzuii wewe kusema maneno hayo mpaka koo likauke. Inahusu nani auze nguo zenye maandishi hayo kule ilikosajiliwa. Ila hasira ninaielewa. Wimbo wa "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms, bendi ya Kenya, ulishawaimbia watalii maneno hayo tangu 1982, na wenyewe hawakuyaokota hotelini.

Na niseme la moyoni: mimi Mtanga "hakuna matata" silisemi. Nasema "hamna shida" au "hamna tabu". Kwa hiyo hilo shati, hata wakinipa bure.

Shangazi, umekua dukani. Bidhaa gani imegeuza jina la kampuni likawa la kila mtu? – Muuza duka mwenzako, Morogoro

Umenigusa pale ninapopenda. Duka la marehemu baba lilikuwa Ngamiani, na mimi nilisimama nyuma ya kaunta kabla kidevu changu hakijaifikia. Mteja anaingia: "Nipe kiwi nyeusi." Nampa kopo. Analigeuza, anasoma, anasema, "Hii si kiwi hii?" "Ni dawa ya viatu, inang'arisha." "Aa, mimi nataka kiwi. Haya nipe hiyo hiyo kiwi." Hapo lugha ishafanya kazi yake, kopo liwe la kampuni yoyote.

Dawa yenyewe ilianza Melbourne, Australia, 1906. Mwenye nayo, William Ramsay, alikuwa na mke kutoka New Zealand, akampa heshima kwa kuliita kopo jina la ndege wa kwao. Ndege huyo haruki, lakini jina lake limeruka mpaka Ngamiani, likatua kwenye rafu ya baba kati ya viberiti na sabuni ya mche. Utotoni nilijua kiwi ni ile harufu ya Jumapili jioni, na kile kishikizo cha pembeni cha kuzungusha mfuniko ambacho kila mara kiling'oka, tukamalizia na ncha ya kisu.

Bajaji nayo umeshaiona: ni ukoo wa Kihindi, wenye kiwanda, sasa imekuwa bajaji moja, bajaji kumi, na abiria anasema "nitachukua bajaji" hata kama kampuni nyingine ndiyo iliyoiunda. Huko Morogoro kwako nina hakika kuna mtu kesho atakuomba "kolgeti" na utampa ya kampuni nyingine, na atashukuru.

Kuna Kiswahili ndani ya wimbo wa Michael Jackson au nasikia vibaya? – Bila jina, Kigoma

Husikii vibaya. Ni mwanzo wa "Liberian Girl", kwenye albamu ya Bad ya 1987. Sauti ile ya kike inayotamka maneno ya mapenzi ni ya Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini. Msichana wa Liberia, mwimbaji wa Afrika Kusini, Kiswahili cha kwetu: ramani nzima imepinda, na bado nikiusikia nasimamisha chai.

Shangazi, nakusanya sarafu za kale. Ile hela yako nitakupa elfu hamsini, naja Tanga Ijumaa. – Kariakoo

Karibu sana Ijumaa, ukifika baada ya swala utakuta wali na samaki wa nazi. Hela utaishika, utaigeuza, utaipiga picha, halafu utaiacha hapo hapo mezani ulipoikuta. Uzi wake bado ninao.