Friji kwenye tela la kambi: hesabu usiku kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kupeleka wageni kambini, wengi mnaniuliza paneli ya wati ngapi itatosha friji la kwenye tela. Mimi naanza na betri, maana jua likizama friji bado linakula.

Chukua friji la kompresa la volti 12, wati 45. Kwa joto la Ujiji, kompresa inaweza kunguruma nusu ya siku nzima. Wati 45 mara saa 12 ni wati-saa 540; gawa kwa volti 12, unapata ampea-saa 45 hivi. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haitaki kushushwa chini ya nusu. Ukiizoesha, inakufa mapema. Basi hiyo ni akiba ya siku moja tu. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo inakufikisha karibu siku mbili, na kwa mwenye safari nyingi naona inalipa.

Kiangazi, paneli ya wati 200 inarudisha matumizi hayo na ziada kidogo. Masika usiitegemee kwa zaidi ya nusu. Halafu kuna miembe yetu: tela linataka kivuli, paneli inataka jua. Tela liegeshe chini ya mwembe, paneli itandaze nje. Tawi moja tu likitia kivuli pembeni, nguvu inashuka vibaya.

Sasa waya, na hapa naomba mnisikilize sana, kwa sababu watu wanauziwa betri mpya bila sababu. Waya wa milimita za mraba 2.5, mita 6 kwenda na 6 kurudi, ukipitisha ampea 5 unapoteza karibu volti 0.4. Betri inasoma 12.2, friji linapata 11.8. Kompresa ikitaka kuwaka inavuta zaidi, volti zinaporomoka, friji linajizima. Ukipima kwenye betri huoni kitu. Pima kwenye plagi ya friji, kompresa ikiwa inawaka. Weka waya mnene, ufupishe, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri.

Friji la gesi nalo ni zuri kambini, ila tela lisimame sawa bila kuinama, na matundu ya hewa yasizibwe kamwe, moshi wake unaua. Kama linatumia pia umeme wa volti 12, kwenye umeme huo liwashe gari likitembea tu. Gari likisimama, friji hilo litamaliza betri kabla hakujapambazuka. Ukiingia kituo cha mafuta, zima gesi.

Friji lipozeni nyumbani kwa umeme wa TANESCO kabla ya kuondoka. Kreti la soda za moto liingie asubuhi jua likipanda, si jioni. Na migebuka mliyonunua Kibirizi iwekeni kwenye kasha la barafu. Friji dogo halina ubavu wa kugandisha samaki.