Wagonjwa watatu kwa wakati mmoja

SWALI: Ndugu Mshauri, ndani ya wiki moja mama amelazwa Mbeya mjini kwa kiharusi, mdogo wangu amevunjika paja katika ajali ya bodaboda huko Iringa, na mwanangu wa miaka mitatu anatibiwa nimonia hapa Tukuyu. Mimi ndiye mkubwa na kila simu inanijia. Nianzie wapi?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Baki na mtoto, kwa kuwa nimonia humbadilisha mtoto mdogo kwa saa chache. Ukiona anapumua kwa kasi, mbavu zinabonyea au anakataa kunywa, mwite muuguzi papo hapo. Kwa mama, mtafute ndugu mmoja mtulivu, si lazima awe wa karibu kiukoo, ambaye atahakikisha kwamba hapewi hata uji kabla wauguzi hawajapima uwezo wake wa kumeza, na kwamba anageuzwa kitandani kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya mgongo, kazi ambayo wodini mara nyingi huachiwa ndugu. Mdogo wako, akishatulizwa na daktari, anaweza kuangaliwa na rafiki zake. Vijana wa kijiweni hawamtupi mwenzao.

Kuhusu gharama, mwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujauza shamba la chai. Simu za ukoo mkabidhi shemeji yako, nawe ulale walau saa tano.