Usukani wa Nardi katika Eunos Roadster ya 1991: kitovu kwanza, usukani baadaye

Gari langu ni Eunos Roadster ya mwaka 1991, jina ambalo Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza iliuzwa nalo katika soko la Japani tangu mwaka 1989. Lilinifikia hapa Dar es Salaam likiwa na usukani wake wa kiwandani, ambao sehemu yake ya juu ilikuwa imeungua kwa jua hadi ikawa inabanduka na kubaki viganjani kila nilipoendesha mchana. Mimi ni mtu mrefu, na katika gari hili usukani haupandi wala haushuki, kwa hiyo kila nilipokata kona kali duara lake lilikuwa likikwaruza mapaja yangu. Sababu hizo mbili ndizo zilizonifanya nitafute usukani mdogo zaidi, na ndizo zilizonifundisha kwa gharama kubwa kwamba nilianza kazi hii upande usiofaa.

Kosa langu lilikuwa kununua usukani kwanza. Niliupenda usukani wa kampuni ya Nardi, wa ngozi nyeusi na wenye mikono mitatu, nikautolea fedha nzuri, kisha nikatafuta kwa haraka kipande cha kuuunganisha na shafti ya gari. Kipande hicho ninakiita kitovu; wauzaji wa spea za Japani hukiita bosi. Upande mmoja kina meno ya ndani yanayokamata meno ya shafti, na upande wa pili kina uso bapa wenye matundu sita ya skrubu za usukani. Muuzaji alinihakikishia kwamba kitovu alichokuwa nacho kinaingia katika Mazda yoyote. Nilimwamini, fundi akakifunga kwa saa moja, nikaondoka nikiwa na furaha.

Ndani ya wiki mbili nilikuwa na matatizo matatu. Usukani ulikuwa na mchezo mdogo, yaani ulegevu, ambao niliuhisi kila nilipopita kwenye tuta. Indiketa ya kushoto haikujizima baada ya kona. La tatu, honi ililia yenyewe kila nilipozungusha usukani hadi mwisho upande wa kulia, jambo ambalo katika foleni ya Ubungo linaweza kukuletea ugomvi na mtu usiyemjua. Nilipoufungua mwenyewe nyumbani niligundua kwamba yote matatu yalitoka mahali pamoja. Meno ya kitovu hayakuwa ya shafti yangu hasa. Yalilazimishwa kwa nati, na alumini yake ilikuwa imeanza kulika. Vidole viwili vya nyuma ya kitovu, ambavyo kazi yake ni kuusukuma mkono wa indiketa urudi mahali pake, vilikuwa vifupi kuliko vya usukani wa kiwandani. Na waya wa honi ulikuwa umebanwa kati ya kitovu na kifuniko cha safu ya usukani mpaka ganda lake likachubuka.

Usukani wenyewe, ule Nardi niliouchagua kwa wiki kadhaa, haukuwa na kosa lolote.

Ndiyo maana ninamshauri kila mwenye gari la michezo la zamani aanze na kitovu. Kitafute kwa jina la gari, msimbo wa muundo na mwaka, si kwa jina la kampuni pekee. Gari langu lina msimbo NA6CE, na lenye injini ya lita 1.8 lililofuata mwaka 1993 lina msimbo NA8C. Magari hayo yanafanana machoni, lakini swali la kama gari lina mfuko wa hewa wa kumkinga dereva wakati wa ajali au halina linabadilisha kitovu kinachohitajika. Watengenezaji wa Kijapani kama Works Bell, Daikei na HKB huandika orodha ya magari ambayo kila kitovu chao kinaingia, na orodha hiyo ina thamani kuliko neno la muuzaji yeyote. Kitovu sahihi kinaingia kwenye shafti kwa mkono bila kulazimishwa. Kama kinahitaji kuvutwa na nati ndipo kiingie, si cha gari hilo. Mimi nililisikia neno "kitakaa tu ukikaza" na nikalikubali, na sitalikubali tena.

Jambo la pili la kuangalia ni matundu sita. Usukani wa Momo, Sparco na OMP kwa kawaida hutumia duara la matundu lenye kipenyo cha milimita 70, ilhali Nardi na Personal hutumia milimita 74. Tofauti ya milimita nne inaonekana ndogo, na nimewahi kuona fundi akichukua tupa ili ayarefushe matundu ya usukani yaingie kwenye kitovu kisicho chake. Tafadhali usimruhusu mtu afanye hivyo kwenye gari lako. Skrubu hizo sita ndizo pekee zinazoshikilia usukani, na tundu lililopanuliwa linaiachia skrubu nafasi ya kusogea kila unapokata kona. Vitovu vingi vya Japani vina matundu ya vipimo vyote viwili, kwa hiyo tatizo hili huisha kwa kusoma maandishi ya kwenye boksi kabla ya kulipa.

Kuhusu ukubwa, niliupima usukani wa kiwandani nikapata takriban milimita 370. Wapo wanaoshuka hadi 330 kwa sababu unapendeza, lakini fikiria hesabu yake: nguvu ya kuzungusha inaongezeka kadiri kipenyo kinavyopungua, kwa hiyo kutoka 370 hadi 330 mikono yako itabeba karibu asilimia 12 zaidi, na kutoka 370 hadi 350 karibu asilimia 6. Katika gari lenye usukani wa pawa tofauti hiyo ni ndogo. Katika gari langu, ambalo halina pawa, nilijaribu 330 ya rafiki na kuegesha kwenye sehemu finyu za Kariakoo kukawa kazi ya mabega. Zaidi ya hapo, sehemu ya juu ya duara dogo ilifunika namba za spidi kuanzia 60 hadi 100, ambazo ndizo ninazozihitaji kila siku. Nilibaki na 350, na mapaja yangu yakapata nafasi.

Kuna kipimo kingine ambacho watu hukisahau, nacho ni umbali. Kitovu kina urefu wake, na usukani unaweza kuwa bapa au wenye kina, yaani duara lake limesogea mbele kuelekea dereva. Vikijumlishwa vibaya, usukani unakukaribia kifuani na vidole havifiki tena kwenye mkono wa indiketa. Kabla ya kufungua chochote, kaa kwenye kiti chako cha kawaida, shika usukani wa kiwandani, kisha pima kwa futi kutoka kwenye duara hadi kwenye mkono wa indiketa. Andika namba hiyo. Usukani mpya usiizidi kwa zaidi ya sentimita mbili au tatu.

Sasa nizungumzie mfuko wa hewa, ule ambao mafundi wanauita eabegi, na hapa ninaomba nisikilizwe kwa makini. Gari langu lilitoka kiwandani bila mfuko huo, kwa hiyo nilichoondoa ni usukani tu. Rafiki yangu ana gari la aina hiyohiyo lenye mfuko, na alitaka nimsaidie kuuondoa ili afunge usukani wa mbao. Nilikataa, na urafiki wetu haukuharibika. Usukani wa aina hii hauwezi kubeba mfuko wa hewa. Unaondoa kinga kwa ajili ya mwonekano, na hakuna kitu kinachoirudisha. Hoja aliyonipa ni kwamba mfuko wa miaka thelathini huenda umekufa, lakini hakuna aliyewahi kuupima akaonyesha kwamba umekufa kweli. Wapo wanaofunga kipande kidogo cha umeme ili taa ya onyo kwenye dashibodi izimike. Taa hiyo ikizimwa hivyo, mnunuzi wa baadaye atadhani kinga ipo, na hilo ni jambo ambalo sitaki kulibeba moyoni.

Ikiwa umeamua kuuondoa licha ya hayo, au unalazimika kuufungua kwa sababu ya matengenezo mengine, tenganisha kebo hasi ya betri na usubiri. Mimi husubiri nusu saa, ambayo ni zaidi ya muda unaohitajika, kwa sababu chakula cha mchana kinaweza kuliwa katika muda huo. Usiupime mfuko kwa mita ya umeme hata kidogo, kwa kuwa mkondo mdogo wa mita unaweza kuulipua. Ukiubeba, uso wake uelekee mbali na mwili wako, na ukiuweka chini, uso uangalie juu. Ukilipuka ukiwa umeinamishwa, utaruka.

Kwa gari lisilo na mfuko, kufungua si kugumu. Endesha kwenye barabara iliyonyooka na tambarare, simama huku magurudumu yakiwa yamenyooka, uzime gari, kisha utoe kebo hasi ya betri. Ondoa kifuniko cha honi utaiona nati kubwa katikati. Katika gari hili inafunguliwa na spana ya boksi ya namba 21. Chora mstari kwa rangi kutoka kwenye ncha ya shafti hadi kwenye usukani ili ujue katikati ni wapi. Kisha legeza nati lakini usiitoe. Iache imeshika nyuzi tatu au nne. Usukani uliokaa miaka mingi huachia ghafla, na nati hiyo ndiyo itakayouzuia usikupige usoni. Utikise kwa mikono miwili kushoto na kulia. Ukikataa, tumia pula, yaani kifaa cha kuuvuta utoke kwenye shafti.

Kamwe usipige shafti kwa nyundo. Safu ya usukani ya magari ya kipindi hiki imeundwa ijikunje wakati wa ajali ili isimchome dereva, na mapigo ya nyundo yanaweza kuharibu sehemu hizo bila dalili yoyote ya nje. Kwa fundi anayeshika nyundo kwanza, ninachukua funguo zangu.

Kitovu kikiwa mkononi, kilinganishe na mgongo wa usukani uliotoka. Vidole vya indiketa viwe na urefu uleule na viangalie pande zilezile. Pete ya shaba ya honi ipakwe grisi kidogo sana, kwa sababu kuna kijiti chenye springi kinachoiburuza kila unapokata kona. Honi za magari mengi ya Kijapani hulia pale waya wake unapogusa bodi ya gari, kwa hiyo kubonyeza honi ni kuuunganisha waya huo na chuma cha kitovu. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini waya uliochubuka unafanya honi ilie yenyewe. Upitishe mahali ambapo haubanwi, na uuvike mpira mwembamba.

Nati ya katikati ikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kati ya newton-mita (Nm) 39 na 49, kama kitabu cha matengenezo cha gari hili kinavyoelekeza. Gari lako likiwa jingine, fuata kitabu chake. Skrubu sita zikazwe kwa zamu kwa kuvuka katikati, si kwa kuzunguka, na zote kwa nguvu ndogo kwanza. Ni skrubu ndogo za milimita tano; bega lako halihitajiki.

Kabla ya kutoka barabarani, inua magurudumu ya mbele, zungusha usukani mwisho kwa mwisho mara kadhaa huku ukibonyeza honi katika kila nafasi, na ujaribu indiketa pande zote mbili. Ukiendesha ukaona usukani umelala upande wakati gari linaenda sawa, rudi kwenye mstari wako wa rangi, uchomoe kitovu na ukisogeze jino moja. Iwapo upungufu ni mdogo kuliko jino moja, fundi wa alaimenti ataumaliza kwa kurekebisha ncha za fito zinazogeuza magurudumu ya mbele, kwa kiasi sawa kushoto na kulia.

Neno fupi kuhusu ubao. Toleo la gari hili liitwalo V Special lilitoka kiwandani mwaka 1990 likiwa na usukani wa Nardi wa mbao, na ni mzuri mno. Katika joto na chumvi ya pwani, hata hivyo, mbao iliyong'arishwa inateleza kiganjani chenye jasho, na vanishi hupasuka ikiachwa juani kwa gari lisilo na paa. Ngozi inavumilia zaidi, mradi uifunike kitambaa unapoegesha.

Baada ya kilomita 100 hivi nilitoa kifuniko cha honi na kuzijaribu skrubu zote. Moja ilikuwa imelegea robo mzunguko. Niliikaza, nikaijaribu tena mwezi uliofuata, nayo haikuwa imesogea. Usukani wa kiwandani nimeufunga kwa shuka kuukuu na kuuweka juu ya kabati pamoja na nati yake na kifuniko chake cha honi.