Hivi hiyo nembo ya biashara ya haki inamsaidia nani?

SWALI: Dada habari za kazi. Nimeanza kununua kahawa yenye nembo ya Fairtrade, bei iko juu kidogo ila nikajisemea acha na mkulima naye ale. Sasa shemeji yangu ananicheka eti hiyo ni nembo tu, hela yote inaishia dukani. Na hata kama inamfikia mkulima, mimi na kapaketi kangu kamoja kwa mwezi nitabadilisha nini? Nakaribia kuacha.

JIBU: Salama kabisa. Shemeji yako ana nusu ya ukweli, ila usimwambie nimesema. Mwenye duka anapanga bei anayotaka na nembo haimzuii, kwahiyo kitu kuwa ghali haina maana mkulima kapata zaidi. Nembo inafanya kazi kule mwanzo kabisa, pale mnunuzi mkubwa anapoingia mkataba na chama cha ushirika. Kwa kahawa, tangu Agosti 2023 arabika iliyooshwa (aina ya kahawa ambayo tunda lake huondolewa kwa maji kabla ya kukausha) hainunuliwi chini ya dola 1.80 kwa ratili (nusu kilo kasoro kidogo) hata soko lianguke vipi, na soko likipanda juu ya hapo wanalipwa ya soko. Halafu kuna senti 20 za ziada zinaingia kwenye mfuko wa ushirika, wanachama wanakaa mkutano wanapiga kura wazifanyie nini, kama ni kisima, mashine au wagawane.

Mwanzoni mwa 2025 arabika ilipita dola 4 sokoni, hapo ile bei ya chini ni kama haipo, faida inabaki kwenye zile senti 20 tu. Lakini mwaka 2001 ilishuka hadi chini ya senti 50, na waliouza kwa Fairtrade walikuwa wanalipwa zaidi ya dola 1.20. Sasa hapo ndo utajua nembo ina kazi gani.

Ila bei hiyo inalipwa kwa ushirika, siyo mkononi mwa mkulima, ushirika ukate kwanza gharama zake, na kama uongozi ni wa hovyo nembo haisaidii sana. Na kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, kwamba ushirika unaweza kuwa na cheti, unakilipia, unafuata masharti yote, lakini wanunuzi ni wachache kwahiyo unauza sehemu tu ya mzigo kwa bei hiyo na kilichobaki kinaenda soko la kawaida kama kahawa ya mtu yeyote. Yani shida siyo wakulima kukosa cheti, shida ni oda.

Kwahiyo paketi yako peke yake ni kweli ni ndogo, ila wewe una mdomo. Muulize mwenye duka asiyeuza hiyo kahawa mbona haipo, na wiki ijayo uliza tena, maana yeye anaagiza kinachoulizwa. Halafu mtafute anayenunua chai na sukari ya ofisini, shuleni au pale mnaposali, umshawishi achukue zenye nembo, maana sehemu kama hizo kwa mwezi zinamaliza majani kuliko nyumba yako mwaka mzima. Garstang, mji mdogo tu Uingereza, mwaka 2000 maduka, shule na makanisa walikubaliana hivyo wakajitangaza mji wa kwanza wa Fairtrade duniani, sasa hivi miji ya namna hiyo imepita 2,000. Ukiniuliza mimi, jioni moja ya kuongea na mtunza hazina wa kikundi chenu ina uzito kuliko kubana bajeti yako ya nyumbani.

SWALI: Chokoleti yangu ina nembo yenye kamshale pembeni, nyuma imeandikwa kakao inaweza kuwa imechanganywa. Si ndo utapeli huo?

JIBU: Hapana. Mshale maana yake geuza usome nyuma. Kwa kakao, chai, sukari na juisi kiwanda kinaruhusiwa kuchanganya: kikinunua tani 10 kwa wakulima wa Fairtrade kinauza bidhaa za kiasi hicho tu kwa nembo, hata kama punje zenyewe zimechanganyika na nyingine. Mkulima kalipwa vilevile. Kahawa na ndizi hairuhusiwi. Mimi hilo halininyimi usingizi, kinachonikera ni kampuni zinazojichorea nembo zao wenyewe za kijani zikaandika "tunawajali wakulima" bila mkaguzi yeyote wa nje.

SWALI: Natamani kununua ila mfuko umetoboka.

JIBU: Basi usinunue, pole sana, hakuna anayekudai. Hali ikikaa sawa chagua kitu kimoja tu unachotumia kila siku ubaki nacho, na ukilinganisha bei angalia uzito kwanza kwasababu paketi hazilingani.