Waridi limegeuka doa jekundu? Anza na picha, filta baadaye

Mkuu, umeuliza kwa nini waridi lako jekundu ukilitia filta ya rangi ya mafuta petali zinapotea, linabaki doa tu, ilhali za wengine zinatoka kama zimechorwa kwa mkono. Nimepita humo. Nilibadilisha filta miezi kadhaa nikidhani sijaipata ile yenyewe, kumbe picha ilishaharibika kabla filta haijaigusa.

Ua jekundu linapopigwa juani, chaneli nyekundu (sehemu ya picha inayobeba kiasi cha nyekundu cha kila pikseli, kuanzia 0) hujaa haraka hadi 255, ndio mwisho wake. Ikishafika hapo, mkunjo na petali iliyo jirani vinakuwa rangi moja. Na filta ya mafuta kazi yake ni kuzikusanya pikseli zinazofanana ziwe mpako mmoja, kwa hiyo hapo itaunganisha kila kitu. Fungua histogramu, ule mchoro unaoonyesha pikseli ngapi ziko kwenye kila kiwango cha mwanga, itazame nyekundu peke yake. Ikiwa imejibana ukingo wa kulia, ndiyo hiyo shida. Siku hizi napiga kivulini au kukiwa na mawingu, na mwangaza naushusha kama stopu moja, yaani nusu ya nuru. Picha inatoka imefifia kidogo, haina neno.

Halafu kuna jambo lililonitesa kijinga kabisa. Ukubwa wa mpako unahesabiwa kwa pikseli. Nilikuwa najaribia kwenye nakala ndogo, napendezwa, kisha naweka namba zilezile kwenye picha kubwa na sioni chochote! Mpako wa pikseli 8 unaonekana vizuri kwenye picha yenye upana wa 1000. Kwenye ya 4000 umemezwa. Amua ukubwa wa mwisho kwanza. Ukitaka kuchapisha A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), ni pikseli 2480 kwa 3508.

Mimi natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, ni ya bure, na filta yenyewe inaitwa Oilify. Narudufu leya (tabaka la picha) mara mbili, ya asili siigusi. Leya ya chini naipiga filta nzito mpaka majani ya nyuma yavurugike, ya juu naipa nyepesi. Kisha naiwekea hiyo ya juu maski, kifuniko ambacho palipopakwa nyeusi leya haionekani, na kupaka nyeusi kote isipokuwa kwenye ua. Tumia brashi laini ukingoni, la sivyo ua litaonekana limekatwa kwa mkasi na kubandikwa. Mwisho nachukua zana ya kufikicha rangi (Smudge), navuta kutoka katikati ya ua kwenda nje, kufuata petali zinavyoota. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kote, na sijaona filta inayonifanyia.

Hilo waridi lako usilifute bado. Tenganisha chaneli, uitazame ya kijani: mara nyingi mikunjo iliyopotea kwenye nyekundu imo humo. Iweke juu kama leya ya mwangaza (hali ya Luminosity), ifanye ipenyeze kidogo (Opacity), ndipo utie filta upya.