Mama anamtafuta marehemu bibi kila jioni: jibu kwa dada aliyeuliza

Pole sana dada. Umeuliza umwambie mama ukweli au umfiche, maana ukimwambia bibi alishafariki analia kana kwamba msiba umetokea leo, na kaka zako wanasema anafanya makusudi. Nimemuuguza mama yangu miaka saba kwa ugonjwa huu wa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia.

Kaka zako waelewe kwanza: hafanyi makusudi. Ugonjwa huu kwa kawaida huanza kuharibu sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya, inaitwa hipokampasi. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kumtaja mwalimu wake wa darasa la kwanza bila kusita, lakini hajui kama amekula. Habari uliyompa jana haikukaa popote. Kila ukimwambia, kwake ni mara ya kwanza kuisikia.

Mimi nilimpa mama yangu msiba huohuo hata mara tatu kwa siku, nikiamini kusema kweli ndiyo kumheshimu. Naumia mpaka leo nikikumbuka. Jioni moja nilichoka, sikulijibu lile swali lake. Nikakaa karibu naye nikamuuliza, "Bibi alikufundishaje kushona?" Mama alikuwa fundi cherehani. Akashika pindo la shati langu, akalipitisha polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, mpaka akafika pale uzi ulipofumuka. Akanikazia macho: "Nani kakushonea hivi?" Wakati huo jina langu lilikwisha kumtoka, lakini mshono mbovu aliujua kwa vidole. Tukamzungumza bibi mpaka usingizi ukamchukua. Hakulia.

Tangu siku hiyo niliacha kubishana naye. Anayemtafuta mama yake jioni mara nyingi ana hofu, au amechoka, au anaumwa mahali na hawezi kusema. Mwambie, "Umemkumbuka bibi, eh? Hebu nisimulie." Hapo hujamdanganya, na hujamfiwisha upya.

Kuhusu jioni yenyewe, ni saa ngumu kwa wagonjwa wengi. Mwili umechoka, giza linaingia, vivuli vinamtisha. Washa taa mapema kabla hakujawa giza, zima televisheni, watu wasipitepite. Kwetu ilisaidia, ingawa si kila siku.

Sasa hili naomba ulishike kuliko yote. Alzheimer humdhoofisha mgonjwa taratibu, kwa miezi na miaka. Mwaka wa tatu, ndani ya siku mbili tu, mama alianza kuona watu chumbani, akakataa kula, akashindwa kuinuka. Tukasema ugonjwa umepanda. Mhudumu wa kwanza tuliyemwendea akasema ni uzee. Siku ya tano ndipo akapimwa mkojo, kumbe ni maambukizi. Alipopata dawa, baada ya wiki mbili akarudi karibu na alivyokuwa. Siku zile tano hakustahili kuzipitia. Mgonjwa akibadilika ghafla, mpeleke hospitali siku hiyohiyo: huenda ni maambukizi, upungufu wa maji mwilini, choo kigumu, au dawa mpya aliyoanzishwa.

Hujasema kama daktari alimpima kikamilifu. Kama bado, apimwe, kwa sababu upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya thairoidi na hata sonona (ugonjwa wa huzuni kali isiyoisha) vinaweza kuleta usahaulifu unaofanana na huu, na hivyo vinatibika. Dawa kama donepezili huwapunguzia baadhi ya wagonjwa dalili kwa muda, ila haziponyi. Anayekuuzia tiba ya kuponya, usimpe hela yako.

Na wewe unalala saa ngapi? Mpe kila kaka usiku mmoja kwa wiki, peke yake na mama, wewe ulale nyumba nyingine kabisa. Wangu walikuwa wanasema maneno hayohayo mpaka walipokesha naye.

Leo akimuulizia bibi, muulize bibi alikuwa akipenda kuimba nini. Kisha utuletee mrejesho.